Shahidi wa Kuzaliwa kwa Alaso

Barua ya Alaso ilifika Merikit, mashariki mwa Uganda, mwezi wa Aprili mwaka 1966, siku ambayo baba yake, Egau, alikuwa shambani akipalilia wimbi. Katekista ndiye aliyeileta kutoka parokiani, na tangu mbali alikuwa ameiinua juu ili Egau aione ile stempu yenye kichwa cha malkia wa Uholanzi. Egau alikwenda kunawa mikono kwanza. Barua za binti yake hakuwahi kuzifungua akiwa na udongo vidoleni.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, aliyezoea kukaa peke yake. Mke wake Adeke alifariki mwaka 1950 akamwachia mtoto huyo mmoja, wa miaka sita, na Egau hakuoa tena. Alimlea Alaso mwenyewe. Alimpikia uji, alimfulia gauni la shule, na kila Jumapili kabla ya misa alimsuka nywele, mistari ikienda upogo kiasi kwamba wanawake kanisani walikuwa wakimvuta mtoto pembeni na kumsuka upya. Alaso akasoma, akaingia hospitali ya misheni kuwasaidia wauguzi, na masista walipoona mikono yake ni myepesi wakampeleka Uholanzi akasomee kazi hiyo. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

"Papa," aliandika Alaso, kwa maana ndivyo Wateso wanavyomwita baba, "kaa chini ndipo usome. Nimepata mtu."

Egau akakaa chini.

Mtu mwenyewe aliitwa Wim. Alikuwa mwoka mikate katika mji wa Nijmegen, Mkatoliki, mtoto wa tano katika watoto tisa. Walitaka kuoana mwezi wa Septemba. Lakini huko, Alaso alieleza, sheria haimruhusu padri kuwagusa watu kabla hawajafunga ndoa ya serikali mbele ya karani wa mji, na karani wa mji hamwandiki mgeni bila karatasi. Alitaka hati ya kuzaliwa. Alitaka barua ya parokia kwamba Alaso hajaolewa, na nyingine kuthibitisha kwamba mama yake amekufa. "Na anataka idhini yako, Papa, yenye muhuri, kwa sababu huku mtu asiyefika miaka thelathini lazima wazazi wake wakubali."

"Miaka thelathini!" Egau alimwambia katekista. "Kumbe wale watu wana adabu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nyingine ndogo. Wim alikuwa ameazima kitabu cha Kiswahili kwa padri mmoja mzee aliyewahi kukaa Afrika, akajaribu kuandika mwenyewe. "Baba Mheshimiwa. Mimi oka mikate. Mimi napenda Alaso sana sana. Mimi naomba wewe, tafadhali, wewe kubali."

Egau aliisoma, akaisoma tena, akacheka mpaka akafuta macho. "Huyu anaongea kama polisi wa pale mpakani Busia," alisema. Lakini alipokuwa akiikunja karatasi ile aliikunja taratibu, na moyoni alijua kwamba binti yake amekwenda, hatarudi kukaa Merikit, na kwamba mtu mwenyewe anaelekea kuwa mtu mzuri, jambo ambalo lilimwondolea hata sababu ya kukasirika.

Barua mbili za parokia hazikumpa taabu. Padri alifungua kitabu cha maziko, akaliona jina la Adeke, akaandika. Akafungua kitabu cha ubatizo. Alaso alibatizwa akiwa msichana wa miaka saba, na mbele ya jina lake padri wa siku hizo alikuwa ameandika "amezaliwa takriban 1944". Hata pasipoti yake ilikuwa na mwaka tu. Waholanzi hawakutaka takriban.

Egau akapanda baiskeli kwenda Tororo, kwenye ofisi za serikali. Huko alimkuta karani mmoja Msamia aliyeitwa Oguttu, mtu mnene mwenye miwani, mwenye subira ya kumsikiliza mzee mpaka mwisho.

"Mzee, hati hakuna," alisema Oguttu. "Miaka ile ya vita nani aliandikisha watoto wa vijijini? Ila njia ipo. Mtu aliyekuwepo mtoto akizaliwa aje hapa, aape mbele ya hakimu. Ataje siku, mahali, jina la mama na jina la baba. Karatasi hiyo ikigongwa muhuri itasimama badala ya hati."

"Mimi ni baba yake. Nitaapa mimi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa vitani."

"Basi si wewe, mzee wangu. Tafuta mtu aliyekuwepo."

Egau alitoka nje akasimama na baiskeli yake bila kuipanda. Wanawake waliomzalisha Adeke walikuwa wawili. Mmoja alikwisha kufa. Wa pili alikuwa Atim, dada mkubwa wa Adeke, aliyeolewa upande wa Kenya, karibu na Busia. Na Atim alikuwa mtu ambaye Egau alimfukuza nyumbani kwake miaka kumi na sita iliyopita, mchana, majirani wakitazama.

Neno lililoleta ugomvi huo majirani hawakulisikia.

Egau aliondoka Merikit kwenda jeshini mwezi wa Februari mwaka 1943. Alifundishwa bunduki kambini Jinja, na mwezi wa Juni wakapakiwa melini Mombasa kwenda Ceylon, na baadaye Burma. Nyumbani alimwacha mke kijana, aliyekaa naye chini ya mwaka mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1944, katikati ya mvua na matope ya Burma, alipata barua iliyoandikwa na mwalimu wa kijiji: mkeo amejifungua salama mtoto wa kike, katikati ya mwaka huu.

Alihesabu. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa njiti za kiberiti. Kila alipohesabu ilipita zaidi ya mwaka mzima tangu alipopanda meli.

Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1946, lori lilimshusha njia panda, akatembea na mfuko wake begani. Alikuwa amekwisha kuamua mambo mengi makali. Majirani walikuwa wamejaa uani. Adeke alisimama mlangoni na mtoto kiunoni, amekonda, hatazami mtu. Ndipo mzee mmoja akapiga kelele kwa furaha, "Egau! Ulipokuja ile likizo yako kutoka Jinja ulituachia zawadi! Mtazame!"

Hapo akaelewa hadithi ambayo Adeke alikuwa amewapa watu. Likizo. Askari wengi walipewa likizo kabla ya kupanda meli, na wanaume walikuwa wakiondoka na kurudi kwa zamu nyingi hata hakuna aliyekumbuka nani alikwenda lini. Egau hakupata likizo hata siku moja. Alimtazama Adeke, na Adeke alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye homa. Mtoto, ambaye hakujua chochote, alinyoosha mkono akakamata kifungo cha koti lake la jeshi, akakivuta.

"Ndiyo," alisema Egau kwa sauti ya kusikika na wote. "Ile likizo."

Baada ya hapo hawakulizungumza tena. Usiku ule Adeke alianza kusema, naye akamwambia anyamaze, alale. Waliishi miaka minne kwa amani, na baadaye, alipokuwa peke yake, Egau aliihesabu kuwa miaka bora ya maisha yake. Kisha Adeke akapata homa ya uti wa mgongo, akafa baada ya siku tatu.

Wiki mbili baada ya maziko, Atim alikuja kumchukua mtoto. Alisema mwanamume hawezi kulea msichana. Egau akakataa. Wakabishana, sauti zikapanda, mpaka Atim akasema lile neno: "Unang'ang'ania nini? Wewe na mimi tunajua huyu mtoto hana damu yako hata tone."

Egau akaushika mkono wake, akamtoa nje, akamwambia asikanyage tena pale.

Na sasa karatasi ya Nijmegen ilimtaka amwendee.

Alikaa nyumbani siku nne nzima akijizungusha. Aliwaza kumtafuta mwanamke yeyote mzee wa Merikit aape kwamba alikuwepo. Wangeweza kukubali kwa ajili ya Alaso. Lakini alikuwa mtu anayeogopa kiapo. Siku ya tano alivaa shati jeupe, akaitia picha ya Alaso mfukoni, akashika njia.

Kutoka Merikit kupita Tororo mpaka Busia ni safari ya nusu siku kwa baiskeli, hata kwa mtu mwenye miguu ya jeshi. Alipita kizuizini mpakani bila kuulizwa kitu, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wakimiminika pande zote mbili na magunia yao, akaendelea maili mbili ndani ya Kenya. Alimkuta Atim uani kwake akipepeta wimbi. Alikuwa amezeeka, nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. Alimwona Egau akiegemeza baiskeli, akamtambua, wala hakuacha kupepeta.

"Amekufa?" aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto. Umekuja kuniambia amekufa?"

"Hajafa, shemeji. Anaolewa."

Ungo ukasimama. Atim aliuweka chini polepole, akafuta mikono kwenye nguo yake. Egau akatoa picha. Alaso alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa matofali, amevaa koti nene na kofia ya kuuguzia, anacheka na mtu asiyeonekana. Atim aliishika kwa ncha za vidole. Aliitazama muda mrefu sana.

"Ana shingo ya Adeke," alisema mwishowe. "Anaolewa na nani?"

"Mzungu. Mwoka mikate."

"Mikate tu?"

"Mikate tu. Anamwandikia baba mkwe kwa Kiswahili."

Kidogo Atim angecheka, lakini alijizuia. Alimwonyesha kigoda akae. Egau akamweleza yote: karani wa mji, hati, hakimu wa Tororo, mtu aliyekuwepo. Alipomaliza, Atim alikunja mikono kifuani.

"Kwa hiyo leo imekumbukwa kwamba nilikuwepo."

"Imekumbukwa."

"Egau, mimi sitashika Biblia niseme uongo. Nikiulizwa nilichokiona, nitasema."

"Sijaja kukuomba uongo. Sema siku ile ile aliyozaliwa, mahali pale pale. Sijui siku yenyewe. Sikuwahi kuuliza."

"Alizaliwa sikukuu ya Petro na Paulo, Juni ishirini na tisa, mwaka wa arobaini na nne. Kengele ya misa ilikuwa inalia." Atim alisogea karibu, akashusha sauti ingawa uani hapakuwa na mtu. "Na wakiuliza baba?"

Egau aliinamisha kichwa. "Ng'ombe wa mahari ya Adeke walifika kwa wazee wenu, wote, na mtoto alizaliwa nyumbani kwangu. Kwa sheria yetu baba ni mimi. Lakini sikuja kukufundisha sheria. Ukisimama pale sema utakavyoona ni kweli. Mimi nitakuwa nimesimama kando."

Kisha swali alilolibeba miaka kumi na sita likamtoka.

"Kama ulikuwa unajua, kama hukujali, kwa nini ulinitupa nje kama mbwa? Sikusema jambo ambalo hukulijua. Nilikuwa nimemzika mdogo wangu juzi tu. Nilitaka mtoto wake."

"Kwa sababu ulilisema akiwa anasikia."

"Nani?"

"Alaso. Alikuwa nyuma ya mlango, ameshika kikombe cha maziwa. Wewe ulikuwa umempa mgongo. Mimi nilikuwa namwona."

Atim akaketi pale pale juu ya mkeka, kwenye makapi ya wimbi.

"Alielewa?" aliuliza.

"Sijui. Alikuwa na miaka sita. Hakuniuliza siku ile, hakuniuliza alipokua. Mimi nilikuwa kila siku nangoja swali hilo. Akichelewa kurudi shule, nawaza, leo ataniuliza. Siku alipopanda ndege nilidhani ndiyo siku yenyewe. Akaniuliza tu kama nitakumbuka kula."

Atim akajifunika uso kwa khanga, akalia. Hakulia kwa sauti. Egau hakujua la kufanya, akauchukua ule ungo, akaanza kupepeta wimbi, vibaya, punje zikirukia chini. Atim alimtazama kati ya machozi.

"Lete hapa," alisema. "Unamwaga chakula."

Wakakubaliana kukutana kizuizini Busia siku ya Alhamisi.

Alhamisi Egau aliondoka gizani, na kabla ya saa nne alikuwa Busia, kwenye kizuizi. Atim alikwisha fika, amevaa gauni lake la kanisani na viatu ambavyo ilikuwa dhahiri vinambana. Basi la Tororo lilikuwa likingojea abiria upande wa Uganda, mbali kidogo, na dereva alikuwa amekwisha kuanza kupiga honi.

"Panda," alisema Egau akigonga kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Mimi? Mwanamke mwenye wajukuu?"

"Basi linaondoka, shemeji."

Atim akapanda ubavu, mkoba mapajani, mkono mmoja umeshika shati la Egau. Polisi wa upande wa Uganda akawasimamisha kwa kuinua fimbo, akauliza kwa Kiswahili chake cha kipolisi: "Mzee, nakwenda wapi na mama huyu?"

"Tororo, kwa hakimu."

"Nafanya kesi?"

"Nafanya harusi," alijibu Atim kabla ya Egau, na polisi akawapigia saluti akicheka. Dereva wa basi aliwaona wanakuja, mzee akikanyaga kwa nguvu na bibi akimhimiza kutoka nyuma, akazima injini kuwangoja. Baiskeli ikafungwa juu ya basi, pamoja na magunia na kuku.

Oguttu aliwapokea kama watu aliokuwa akiwatazamia. Aliwapa viti, akaingiza karatasi katika taipureta. Aliomba kitambulisho cha baba. Egau, ambaye karatasi moja tu ya serikali aliiamini, akatoa kitabu chake cha jeshi. Oguttu akalinakili jina. Kisha akamgeukia Atim: siku gani, mwaka gani? Atim akamwambia. Karani akapiga herufi, Juni 29, 1944, akarudi kwenye kitabu cha jeshi kutafuta namba. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na mihuri ya Mombasa, wa kuondoka Juni 1943 na wa kurudi 1946.

Vidole vyake vilisimama juu ya meza. Egau alimwona akitazama karatasi, kisha kitabu, kisha karatasi. Aliona midomo yake ikisogea kidogo, kama ya mtu anayehesabu. Mwenyewe alikwisha kuhesabu hivyo hivyo, kwa njiti za kiberiti.

Oguttu alikifunga kitabu. Alikisukuma taratibu mpaka upande wa pili wa meza, mbele ya Egau.

"Hiki ni cha heshima, mzee, kiweke vizuri nyumbani," alisema, miwani yake imeelekea dirishani. "Hapa tiketi ya kodi inatosha. Unayo?"

Egau alikuwa nayo. Aliitoa, akamsogezea.

Hakimu alikuwa kijana, mwenye haraka, mwenye kesi nyingine zinazomngoja. Atim aliapa, mkono juu ya Biblia, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Alisema jina lake. Alisema alikuwepo. Mtoto alizaliwa Merikit, nyumbani kwa Egau, siku ya Petro na Paulo. Mama ni Adeke, ambaye ni marehemu.

"Na baba?"

Egau alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, macho sakafuni.

"Ni huyu pale," alisema Atim. "Egau."

"Una hakika, mama?" Lilikuwa swali ambalo hakimu alimwuliza kila shahidi, hata hakuinua macho.

"Bwana," alisema Atim, "kama yule si baba, basi mimi sijapata kuona baba."

Hakimu akacheka kidogo, akaona ni msemo wa mama mtu mzima, akatia sahihi. Kisha Egau akaitwa. Aliulizwa kama yeye ni baba wa Alaso, kama anajua binti yake anataka kuolewa na Mholanzi aitwaye Wim, na kama anakubali kwa hiari yake. Alijibu ndiyo mara tatu, na ndiyo ya kwanza aliisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeitika jina lake kwenye gwaride, hata karani wa chumba cha pili akachungulia.

Oguttu aligonga mihuri. Alipiga kila karatasi kwa kishindo, akapuliza wino ukauke, akazitia zote katika bahasha ya rangi ya udongo. "Posta, kwa rejista," aliagiza. "Na mwambie huyo mwoka mikate atuletee mmoja."

Walipotoka posta jua lilikuwa kali na wote wawili walikuwa na njaa. Walikula kwenye mkahawa mdogo karibu na stendi, chapati na maharage. Atim alivua viatu chini ya meza.

"Basi la Busia litaondoka saa tisa," alisema Egau. "Nitakusindikiza mpaka kizuizini."

Atim alikuwa akizungusha kikombe chake cha chai. "Kaburi la mdogo wangu ni zima?"

"Nalipalilia. Nimelizungushia mawe."

"Sijaliona tangu ile wiki ya maziko." Akakiweka kikombe chini. "Uliniambia nisikanyage tena pale."

"Nilisema," alikubali Egau. "Lilikuwa neno baya, na nimelibeba miaka yote hii kwa kuwa sikujua pa kulitua. Nisamehe, shemeji."

"Mimi nilisema baya kuliko hilo. Nisamehe wewe."

Hawakupanda basi la Busia. Walikwenda Merikit, Atim tena nyuma ya baiskeli, safari hii njia nzima, akilalamika kila walipopita jiwe. Alikaa kaburini mpaka jioni akizungumza na Adeke kwa sauti ya chini, kama wanawake wawili wanavyozungumza wakichambua mboga, na Egau hakusogea karibu kusikiliza. Alimpikia ugali wa wimbi. Atim akauonja, akatafuna, akasema sasa anaelewa kwa nini mtoto alikimbilia nchi ya watu wa mikate. Alikaa siku tatu.

Barua nyingine kutoka Nijmegen ilifika mwezi wa Oktoba. Egau hakuifungua. Aliitia mfukoni, akapanda baiskeli mpaka kwa Atim, akaketi kwenye kile kigoda, ndipo akaipasua. Zilianguka picha mbili: Alaso katika gauni jeupe fupi, na kijana mwekundu wa masikio, mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa akimtazama Alaso badala ya kutazama kamera.

"Soma," alisema Atim.

Egau akasoma. Alaso alieleza mvua, keki, na mama yake Wim aliyelia kuliko watu wote. Alieleza chumba cha karani wa mji, kilivyokuwa na mapazia mekundu na saa kubwa. "Kabla ya kutuuliza, alisoma karatasi zetu kwa sauti. Alisoma majina ya wazazi. Sikuwahi kulisikia jina la mama likisomwa katika ukumbi, mbele ya watu wamevaa suti. Nililia, Papa. Niliona pia jina la mama mkubwa Atim, kwamba ndiye aliyenipokea. Mwambie nataka anwani yake. Halafu karani akasoma jina lako, akalitamka vibaya, akaniuliza kama huyo ndiye baba yangu. Nilimjibu kabla hajamaliza swali."

Egau aliacha kusoma hapo. Alirudi mstari mmoja nyuma, akausoma tena, kimya, midomo tu ikisogea. Atim hakumharakisha.

"Anajua," alisema Egau baadaye. "Au hajui. Sijui kama anajua."

"Amekujibu," alisema Atim. "Unataka nini zaidi?"

Egau akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akajipangusa pua kwa kiganja. Kisha akasoma kilichobaki, kwamba Wim ameanza kuweka akiba na mwakani, Mungu akipenda, watakuja wote wawili kukaa Merikit mwezi mzima.

"Mwezi mzima!" Atim alishtuka, akainuka kabisa. "Atakula nini huyo mtu? Kwa mapishi yako? Utamuua kabla hajafika kwangu." Akaanza papo hapo kuhesabu kuku wake waliokuwa wakichakura uani, akichagua wa kufuga na wa kuchinja, huku Egau akiishika barua kwa mikono miwili magotini, akitafuta mahali pale pale alipokatisha, ili ausome mstari ule mara ya tatu.